Nilipungukiwa na shilingi 1,860, benki ikanitoza 4,247

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa kaunti, mkazi wa Likoni, na kazi hii niliianza mwaka 2009. Nakuandikia kuhusu ada ambazo benki humtoza mteja pale akaunti yake inapokauka. Uniwie radhi nikiingia kwenye shilingi moja moja, kwa sababu ukizitaja kwa jumla hakuna anayeshtuka.

Mwaka jana mshahara wetu wa mwezi wa Aprili uliingia tarehe 23 Mei. Haikuwa mara ya kwanza wala ya tano. Tulipokuwa chini ya serikali kuu, kabla huduma za afya hazijagatuliwa mwaka 2013, mimi nilikuwa nikipanga mambo yangu kwa kalenda. Siku hizi Hazina Kuu ikichelewesha mgao wa kaunti, kaunti nazo zinatuchelewesha sisi, nasi tunamchelewesha mwenye nyumba, shule na dukani. Kila mfanyakazi wa kaunti anaijua safu hiyo, na anajua kwamba yeye ndiye wa mwisho.

Sasa, miaka kadhaa nyuma niliiagiza benki yangu ikate shilingi 3,000 kila tarehe 5 ya mwezi na kuzipeleka kwenye sacco yetu ya akina mama. Ni akiba ya kumsomesha mwanangu wa mwisho. Ukataji huo wa kila mwezi benki wenyewe huuita agizo la kudumu. Tarehe 5 Mei mwaka huo akaunti yangu ilikuwa na shilingi 1,140. Nilipungukiwa na 1,860. Nilidhani benki itaona pesa hazitoshi, itaacha, na siku mshahara ukiingia itakata chake. Sikuwaza zaidi ya hapo, kwani nilikuwa zamu ya usiku na wodi ilikuwa imejaa.

Mshahara ulipoingia nikaona umepungua. Nikaenda tawini, nikaomba taarifa ya akaunti, nikaketi nayo kwenye benchi pale nje na kalamu ile ile ninayoandikia chati za wagonjwa, nikaifuata mstari kwa mstari.

Tarehe 5: malipo yameshindikana, ada 500, ushuru wa serikali 100. Salio likabaki 540. Tarehe 8 benki ikajaribu tena kukata zile 3,000, na bila shaka haikuzipata, kwa sababu hazikuwapo tangu mwanzo, na hata hicho kidogo kilichokuwapo ilikuwa imekwisha kukipunguza yenyewe. Ada 500, ushuru 100. Hapo akaunti ikateremka chini ya sifuri kwa shilingi 60. Mstari uliofuata, siku hiyo hiyo, ulisema "ovadrafti isiyoidhinishwa", yaani kuchukua zaidi ya ulichonacho bila kibali: ada 1,000, ushuru 200. Shilingi 60, Mhariri, pesa ya mahamri sita. Kwa pesa ya mahamri sita nilitozwa 1,200. Tarehe 12 ikajaribu tena, 600. Tarehe 15 tena, 600. Tarehe 19 tena, 600. Mwisho kabisa, riba ya ovadrafti, shilingi 47.

Nikajumlisha mara tatu, maana nilitaraji nimekosea. Jumla ni shilingi 4,247. Sacco nayo ikanipiga faini yake ya 300 kwa kuchelewa, ambayo sina ugomvi nayo kwa kuwa iko kwenye kitabu chetu na niliipigia kura mwenyewe.

Wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Wangu ulilambwa mara tano kwa siku kumi na nne.

Nataka msomaji aitazame vizuri hiyo ovadrafti, kwa sababu humo ndimo dhuluma ilimojificha. Ovadrafti ninavyoielewa ni benki kukukopesha pesa yake uvuke mto. Mimi benki haikunikopesha kitu. Sacco haikupata hata senti moja mpaka mshahara ulipoingia. Hakuna duka nililolipa wala mtu niliyemtumia. Deni lote la shilingi 3,107 nililokuwa nalo siku ya mshahara lilikuwa ni ada za benki yenyewe, na ushuru wake, na riba ya kukopeshwa pesa za kulipia ada hizo. Benki ilijilipa kutoka kwenye akaunti isiyo na kitu, ikaandika kwamba nimekopa, kisha ikanidai riba.

Mimi ni Muislamu. Tangu nifungue akaunti ile sijawahi kuomba ovadrafti, na karatasi ya kuniuliza kama naitaka sijawahi kuiona. Nimekataa mikopo mingi ya riba ambayo ingenirahisishia maisha, ukiwemo wa kuezeka nyumba ya mama yangu, ambayo niliiezeka bati baada ya bati kwa muda wa miaka miwili. Kwa hiyo katika makato yote yale, zilizoniuma zaidi ni zile shilingi 47. Wapo watakaoniambia nihamie benki za Kiislamu, na kweli tunazo nchini tangu 2008. Nitahama, inshallah. Lakini nikihama mimi, yule mama anayesafisha wodi yetu atabaki pale pale. Yeye alikatwa mara tatu mwezi huo huo, shilingi 600 zile zile ninazokatwa mimi na anazokatwa mkubwa wetu mwenye gari. Kwake hizo 1,800 ni unga wa nyumba nzima kwa zaidi ya nusu mwezi.

Ndani ya tawi nilihudumiwa na kijana mwenye adabu, umri wa kifungua mimba wangu. Akaniambia, "Mama, si sisi. Ni mfumo, unajaribu wenyewe mpaka upate." Nikamuuliza, "Mfumo umewekwa na nani, mwanangu?" Akainamisha kichwa akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Sikumkasirikia. Lakini nilimuuliza swali jingine ambalo hadi leo halijajibiwa: kila jaribio moja linaigharimu benki nini? Hakuna karani aliyeamka usiku kwa ajili yangu. Hakuna barua iliyochapwa. Hata ujumbe mmoja wa simu kunionya sikuupata, ilhali benki hiyo hiyo hunitumia ujumbe wa kuninadia bima, na mwingine wa heri ya siku ya kuzaliwa. Ningeambiwa tarehe 5 kwamba zimepungua 1,860 na kwamba watarudi tarehe 8, ningesimamisha agizo lile siku hiyo hiyo, au ningemwomba dada yangu anitilie.

Wakati benki inanikata, mwenye duka wa mtaani kwetu alikuwa ananiandika kwenye daftari. Unga, mafuta ya kupikia, sabuni, maziwa ya mjukuu. Ukurasa mzima na nusu. Kabla sijafungua mdomo aliniuliza, "Bado hamjalipwa, sista? Nimesikia redioni." Yeye anajua kwa redio kwamba mishahara ya kaunti imechelewa. Benki ambayo kila mwezi hupokea mishahara yetu kwa mamia, kutoka kwa mwajiri mmoja, siku moja, imekaa na akaunti hizo zote tupu na haikujua? Tarehe 23 jioni nilimlipa mwenye duka deni lake lote. Hakuniongezea shilingi kwa kuniandika, na wino ni wake.

Sisemi benki isilipwe. Anayekopa alipe, na bei ya mkopo aijue kabla ya kuuchukua. Ninachokataa ni mtu kutozwa kwa kukosa, tena mara tano kwa ukosefu mmoja, na ukosefu wenyewe si wa kwake.

Mpwa wangu anayesomea sheria alinifungulia vitabu vyake. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupewa habari anazozihitaji, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinasema benki haiwezi kupandisha viwango vya ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisema kifungu hicho kinashika riba pia. Halafu kipo cha 44A, kilichoanza kutumika 2007, ambacho ndicho kilichonifanya niitafute kalamu: mkopo ukikwama, riba inayoendelea kuongezeka haiwezi kupita deni lililokuwapo siku uliyokwama. Kwa hiyo bunge letu lilikwisha kuona kwamba si haki deni lizae deni kubwa kuliko mama yake. Lakini mpwa wangu akaniambia kifungu hicho ni cha riba ya mikopo iliyokwama, si cha ada. Mimi nilipungukiwa na 1,860 nikatozwa zaidi ya mara mbili yake, na kwa kuwa imeitwa ada, hakuna mpaka unaoizuia. Ndiyo maana nauliza: nani aliidhinisha kwamba jaribio moja ni shilingi 500? Na nani aliidhinisha kwamba majaribio yawe matano?

Nimeambiwa pia kwamba hivi ndivyo benki zilivyo duniani kote. Si kweli. Binamu yangu anaishi London, na nilipomsimulia akacheka kwa uchungu akasema hayo wao wameyapitia. Wateja wa kule walilalamika miaka mingi, kesi ikafika Mahakama ya Juu yao, na Novemba 2009 benki zikashinda. Waliokuja kuwaokoa ni wasimamizi wa huduma za fedha, ambao kuanzia Aprili 2020 walipiga marufuku ada za mkupuo kwenye ovadrafti, yaani zile za kiasi kimoja bila kujali umechukua ngapi. Benki ikikuachia uchukue zaidi ya ulichonacho, inakutoza riba moja inayotajwa kwa mwaka, basi, na ada ya malipo yaliyokataliwa inatakiwa ilingane na gharama ya kweli. Hapa kwetu nako tumeona kwamba inawezekana. Fuliza, ovadrafti ya simu ambayo karibu kila mtu anaijua, ilianza Januari 2019. Watu wakalia na ada zake za kila siku, na mwaka 2022 zikapunguzwa, na wanaochukua kiasi kidogo wakapewa siku za mwanzo bila ada ya siku. Kama kwenye simu iliwezekana, kwenye akaunti ya mshahara inashindikana vipi?

Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayozisimamia benki hizi, na ndiyo ninayoielekezea maneno haya kupitia gazeti lako. Malipo yakishindikana, mteja atozwe mara moja kwa mwezi huo, si kila mfumo unapobisha hodi. Na aambiwe siku hiyo hiyo kwa simu. Ada ya benki yenyewe isihesabiwe kuwa mkopo aliochukua mteja. Hili nalitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu ndilo linalomzamisha mtu aliyekuwa amesimama bado. Na mwajiri akichelewesha mishahara ya watu wote, benki isimamishe majaribio yake mpaka mshahara uingie. Taarifa hiyo inayo. Tena inaipata kabla yetu.

Mimi mwenyewe niliandika barua kwa meneja wa tawi, nikapigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, nayo nimeihifadhi pamoja na vyeti vya watoto. Ni mwezi wa nane sasa bila jibu. Agizo lile la kudumu nimelifuta, na kulifuta nako nililipishwa shilingi 300. Siku hizi mshahara ukiingia natoa 3,000 taslimu, navuka kivuko na umati wa asubuhi, nazipeleka kwenye dirisha la sacco kwa mkono wangu na kungoja risiti.

Mwezi huu tena tumechelewa. Leo ni tarehe 11. Juzi yule mama wa usafi alinifuata chumba cha dawa na simu yake mkononi, akaniuliza, "Sista, hapa wameandika nini?" Salio lake lilikuwa na alama ya kutoa mbele yake. Nilimsomea, kisha nikamweleza, na ilinibidi nimweleze mara mbili kwa sababu hakuelewa vipi mtu asiyekopa awe na deni.

Wodini tuko watu kumi na mmoja tulio tayari kutoa taarifa zetu za akaunti, kila mtu ya kwake, zisomwe na yeyote mwenye mamlaka ya kuzisoma. Tunaomba tuambiwe tuzipeleke mlango gani.

Muuguzi wa kaunti,
Likoni, Mombasa.
(Jina langu nimekuachia wewe, Mhariri.)