Mwandishi wenu aje nimmiminie glasi moja

Mhariri,

Nawasoma tangu nikiwa karani bandarini Mombasa na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari ya juzi ya mti wa Shimba Hills, hapa Kwale, unaotibu saratani, na picha ya jani nusu ukurasa, nimeshindwa kuimeza.

Mwandishi wenu kasimulia nusu. Kweli Wamarekani walivuna hapa kwetu tani 27 hivi za mti huo miaka ya 1970, wakitafuta meitansini, kemikali ambayo mkemia Mmarekani Kupchan na wenzake waliitangaza 1972. (Kwale ilipata nini? Hilo hakuuliza.) Nusu aliyoiacha ni kwamba wagonjwa walipojaribiwa nayo, sumu ilizidi faida, ikawekwa kando. Wakemia wakaja kuibadili umbo na kuifunga kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoitafuta seli ya saratani yenye HER2 nyingi (protini inayoichochea seli ikue), ndipo Marekani ikaidhinisha dawa hiyo, Kadcyla, mwaka 2013, kwa saratani ya matiti ya aina hiyo tu. Malighafi yenyewe sasa inatoka kwa bakteria wanaofugwa kwenye matangi. Mti hautakiwi tena.

Miaka mitatu iliyopita mlichapisha jani kama hilo. Dada yangu alikuwa ameanza kuhisi uvimbe kwenye titi. Akalikata jani lenu, akalifunga pindoni mwa leso, akaenda nalo kwa muuza mizizi kama mtu aliyebeba cheti cha daktari. Akauziwa dumu la lita tano kwa shilingi 3,500, maji meusi kama chai iliyolala. Akatapika siku tisa. Muuzaji akasema ndiyo dawa inafanya kazi, mama, usiache. Miezi minne ikapita hivyo. Hospitali daktari alitazama picha za titi, akatutazama sisi, akauliza tulikuwa wapi. Titi likaondolewa lote.

Na huyo muuzaji bado yuko mkabala na geti la hospitali hiyohiyo, na spika yake tangu alfajiri: dawa moja, magonjwa arobaini! Askari wa kaunti wanaowafukuza mama mboga wakifika kwake wanamwamkia.

Basi jani likirudi gazetini, liwe dogo kama stempu, na bei ya sindano moja ya Kadcyla iandikwe kwa herufi zile za matokeo ya ligi ya Uingereza. Na mwandishi aje kwangu kwanza. Dumu liko uvunguni, limebaki nusu.

Msomaji wenu,
Matuga, Kwale