Mwanangu, anzeni na mahakama

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma na nimeiona furaha yako, unasema utawala wa mabavu ukishang'oka na katiba mpya ikapita basi kazi imeisha. Sitaki kukuvunja moyo hata kidogo, ila naomba uitazame Tunisia.

Rais wao wa mabavu, Ben Ali, alikimbia Januari 14, 2011, watu wakachagua bunge la katiba Oktoba mwaka huohuo, wakabishana weee zaidi ya miaka miwili, Januari 2014 ikapatikana katiba iliyosifiwa kila kona. Ndani yake waliandika iundwe mahakama ya katiba, yani ya kuamua kama jambo linaendana na katiba au la, majaji 12, wanne wanachaguliwa na bunge, wanne na baraza kuu la mahakama, wanne na rais. Hapo ndo balaa lilipoanzia, maana bungeni jaji alitakiwa apate theluthi mbili ya kura na vyama vikawa vinavutana, kila kimoja kinataka mtu wake, mwaka ukapita, ikapita miaka, mahakama haikuundwa mpaka mwisho. Julai 25, 2021 Rais Kais Saied akasimamisha bunge, akasema katiba inamruhusu. Wapinzani wakasema haimruhusu. Sasa nani aamue? Hamna! Na 2022 akaja na katiba yake.

Afrika Kusini walianzia upande mwingine kabisa, na hili linanifurahisha mpaka leo. Walikuwa na katiba ya muda kwanza, mahakama ya katiba ikaanza kazi 1995, na mwaka huohuo ikamwambia Mandela, Mandela mwenyewe yani, kwamba amri alizotoa kuhusu serikali za mitaa hazina nguvu kikatiba, naye akakubali hadharani. Afu 1996 wabunge wakapitisha katiba ya kudumu, mahakama ikaigomea, ikawaambia kuna sehemu hazijatimiza ile misingi 34 mliyokubaliana kwenye katiba ya muda, rudini mkarekebishe. Wakarekebisha, Mandela akaisaini Desemba 10.

Kwa hiyo wewe na wenzako mnavyokesha kubishana rais awe na mihula mingapi, sawa, ni muhimu, lakini fungueni kwanza sura ya mahakama. Angalieni majaji wanateuliwa na nani, na vyama vikishindwa kukubaliana nini kinafuata, kuna tarehe ya mwisho au wameacha wazi tu? Ukishapata hicho kifungu nitumie hata picha ya simu, tukisome wote leo usiku.

Mzazi wako akupendaye