Barua kutoka Majengo

Majengo, Mombasa

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Uliniuliza kama nyumba tuliyokulia ingali imesimama. Ingalipo, ila ya ubavuni imebomolewa na mahali pake pameota ghorofa linalotufunika kivuli uani kuanzia alasiri.

Katika barua yako uliuita mtaa huu wa watu wasio na chao, na hapo sikubaliani nawe. Kumbuka ule ukumbi mrefu, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kila mlango na kufuli yake, pazia lake na mpangaji wake, huku uani sote tukipanga foleni ya choo kimoja. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa na kuta na paa tu. Kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine, ambaye alilipwa kodi ya ardhi. Ni utaratibu huu wa nyumba bila ardhi uliomwezesha mchukuzi wa Kilindini kusimamisha fito na kukandika udongo bila kununua kiwanja, na ni huo huo unaowaacha warithi wake na mabati mikononi ardhi inapouzwa.

Marehemu babu alikuwa kibarua bandarini. Neno hilo, alikuwa akitueleza pale barazani huku akipuliza kahawa yake chungu, lilikuwa barua ndogo kwelikweli: kadi iliyotiwa alama kwa kila siku uliyofanya kazi. Januari 1947, wafanyakazi wa bandari, wa reli na hata watumishi wa majumbani walipogoma siku 12 kudai nyongeza ya mishahara, kadi yake ilibaki tupu. Chege Kibachia, aliyekiongoza chama chao, alikamatwa Agosti mwaka huo akapelekwa mbali bara. Babu hakuwa mtu wa hotuba. Alichopenda kusimulia ni kwamba siku hizo vyumba vyote sita, cha Mgiriama, cha Mkamba na cha Mjaluo, vilipika chungu kimoja, na kwamba muhogo wa mwisho ulikuwa na mizizi kama kamba. (Bibi alikanusha habari ya mizizi mpaka anakufa.)

Sasa mwenye ardhi anauza, nasi tumepewa hadi mwisho wa mwaka. Mlango wa mbele ni mvule mtupu, na fundi mmoja wa Mwembe Tayari ameshakuja mara mbili kuupima. Kama unautaka, nijibu kabla ya Idi.

Nduguyo wa chumba cha pili