Huduma za afya ziwafikie vijana wa vibarua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie kuhusu huduma za afya kwa vijana wa kiume wa Nyanda za Juu Kusini, hasa wanaoishi kwa vibarua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 mkoani Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, mikoa mitatu inayoongoza nchini. Hata hivyo, zahanati nyingi zinamhudumia kijana huyu katika saa ambazo yeye yuko kazini.

Hapa Uyole nilimwona mmoja wa wanaopakia lumbesa za viazi, koti limejaa udongo, akifika kituoni alasiri na kuketi benchi moja na kina mama waliopakata watoto. Aliinamisha kichwa, akakunja kadi yake mfukoni, akaondoka kabla hajaitwa. Hakuna aliyemfukuza, lakini hakuna pia aliyemuuliza shida yake, na hilo linaniuma hadi leo.

Nazishauri halmashauri zetu zitenge walau jioni mbili kwa wiki, zipeleke wahudumu, wakiwemo wanaume, karibu na masoko na vijiwe vya bodaboda, wapime VVU na kifua kikuu kwa faragha. Vitendanishi vya kujipima VVU, ambavyo sheria imeviruhusu tangu mwaka 2019, vigawiwe hapohapo kijiweni kupitia viongozi ambao vijana wenyewe wamewachagua.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya