Bodi Isiyowaka: Barua kwa Rafiki Mbunifu

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia pamoja na mchoro wa saketi, nami nimeupitia wote kabla ya kukujibu. Unasema kwamba moduli ya Jetson Orin NX, ile kompyuta ndogo ya NVIDIA inayopachikwa kwenye bodi, inawaka vizuri kwenye bodi ya majaribio ya NVIDIA, lakini ukiipachika kwenye bodi uliyoibuni wewe, skrini inabaki nyeusi, na sasa unataka kusakinisha upya mfumo endeshi. Ningekusihi usiuguse kwanza, kwa sababu moduli isiyopata umeme ipasavyo na moduli iliyowaka kisha ikakwama hufanana kabisa kwa macho, ilhali tiba zake ni mbali mbali.

Njia ya haraka ya kuzitenganisha ni kuunganisha pini ya FORCE_RECOVERY, inayoilazimisha moduli iingie hali ya urejeshaji, na ardhi (volti sifuri), kuwasha umeme pini ikiwa bado imeshikwa hivyo, kisha kuchomeka waya wa USB kwenye kompyuta yenye Linux na kuandika amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa. Ukiona kifaa cha NVIDIA chenye namba inayoanza na 0955, ujue kuwa moduli imeamka na kichakataji chake kinasikia. Hapo shaka ihamie kwenye programu, na hasa kwenye jambo moja: mchoro wako hauna ile EEPROM ndogo (chipu ya kumbukumbu) ya utambulisho wa bodi. Programu ya kuanzisha iitwayo MB2 huitafuta, na isipoipata huweza kukwama mapema mno, kabla picha yoyote haijatokea. Kwa bodi isiyo na EEPROM, thamani ya cvb_eeprom_read_size katika faili la mipangilio la MB2 huwekwa kuwa 0. Fanya hivyo hata kama lsusb haitaonyesha kitu, maana kikwazo hicho kitakungoja tu.

Lakini kwa jinsi nilivyousoma mchoro, nadhani lsusb haitaonyesha kitu. Mpangilio wa kuwasha moduli hii hauna mjadala: VDD_IN, yaani umeme mkuu unaoingia, ipande na kutulia, ndipo bodi ipandishe POWER_EN, ishara ya kuiruhusu moduli iwake; moduli iwashe regaleta zake za ndani (saketi za kudhibiti volti) huku ikiishikilia SYS_RESET, ishara ya kuanzisha upya, chini; na SYS_RESET ikishaachiwa ikapanda, ndipo bodi iwashe umeme wake wa volti 3.3 na 1.8 unaolisha vifaa vingine. Wewe umeivuta POWER_EN kutoka VDD_IN kwa rezista tu, kwa hiyo inapanda sambamba nayo, na regaleta yako ya volti 3.3 inawaka mara tu umeme unapoingia, bila kuisubiri SYS_RESET. Hili la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Vifaa vyako vikipata umeme kabla ya moduli, vinausukuma kupitia pini za ishara hadi ndani ya moduli ambayo bado imelala, nayo huanza safari ikiwa na volti za kuokoteza mahali palipotakiwa kuwa na sifuri. Moduli ya namna hiyo leo itawaka, kesho itagoma, na utailaumu lehemu bure.

Uvujaji huu unaweza kuuona mwenyewe. Zima umeme wa bodi, acha adapta ya USB ya mawasiliano ya seriali ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta, kisha weka maltimita kwenye njia ya volti 3.3. Ukisoma volti moja na ushei badala ya sifuri, adapta inailisha bodi kupitia waya wa ishara. Waya wa HDMI wa skrini iliyowashwa nao una tabia hiyo hiyo, kwa hiyo chomoa vyote kabla ya kila jaribio.

Baada ya hapo maltimita iweke kando, kwani ni ya polepole mno kwa kazi inayofuata: itakuonyesha volti 12 tulivu hata pale umeme unapozama kwa milisekunde chache na kurudi. Chukua osiloskopu (kifaa kinachochora volti zinavyobadilika kwa wakati) yenye chaneli nne, uziweke kwenye VDD_IN, POWER_EN, SYS_RESET na volti 3.3 ya bodi, uiamuru inase mara moja tu POWER_EN inapopanda. Ikiwa SYS_RESET haipandi kabisa ilhali POWER_EN iko juu, tafuta kinachoivuta chini upande wa bodi, hasa ile chipu ya kitovu cha USB uliyoiunganisha nayo, kwani chipu isiyo na umeme huweza kuzamisha ishara kupitia diodi zake za kinga. Ikipanda kisha ikaanguka, tazama VDD_IN katika nukta hiyo hiyo. Huenda chanzo chako cha umeme kimewekewa kikomo kidogo cha ampea, au kapasita zilizo karibu na soketi hazitoshi; za kauri hupoteza uwezo zinapobeba volti zinazokaribia kikomo chao, na iliyoandikwa mikrofaradi 22 inaweza kubaki na chini ya nusu.

Kuhusu wazo lako la kujaribu kwa moduli ya zamani ya Jetson Nano ili usiihatarishe hii mpya, tafadhali usithubutu. Soketi ni ile ile ya pini 260 na itaingia bila kinyongo, lakini Nano, sawa na moduli nyingine ya Jetson iitwayo Xavier NX, hutaka volti 5, ilhali Orin NX hupokea kuanzia 5 hadi 20. Volti 12 za bodi yako zitaiunguza papo hapo.

Nitumie picha ya mistari minne ya osiloskopu, pamoja na usomaji wa volti 3.3 adapta ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa. Nikishaviona, nitakuchorea namna ya kuifungamanisha regaleta na SYS_RESET kwa transista moja, bila kulazimika kuagiza bodi nyingine.

Akupendaye daima,
Rafiki yako