Mtoto mwenye ulemavu naye acheze
Mhariri,

Kipindi cha michezo kinapofika, mara nyingi mtoto mwenye ulemavu huachiwa kazi ya kulinda mabegi ya wenzake, kisha tunasema ameshirikishwa. Hapana, hajashirikishwa. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inataka watoto hao washiriki michezo sawa na wenzao, ikiwemo ya shuleni. Mpira wenye njuga ndani humwezesha asiyeona kuufuata kwa sikio, mradi watazamaji wanyamaze. Na wavu ukishushwa, darasa zima laweza kucheza voliboli likiwa limeketi sakafuni. Walimu wafundishwe mbinu hizi tangu chuoni, na mtoto mwenyewe aulizwe kwanza anapenda kucheza nini.

Mzazi, msomaji wenu