Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Uchunguzi wa Eneo la Machimbo ya Mchanga na Changarawe

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawakaribisha. Mambo ya kawaida nitayapitia haraka: hesabu zimekaguliwa na mtunza hazina atazisoma mwenyewe, ada zimeingia vizuri kuliko mwaka uliotangulia, na nafasi zilizo wazi kwenye kamati zitapigiwa kura mchana. Muda uliobaki nautumia kwa swali ambalo wengi wenu mmeniuliza njiani na kwenye simu: tunaanza kuchimba lini?

Jibu la kamati ni kwamba hatuombi kibali mpaka vipimo vya maji vikamilike. Nitaeleza kwa nini.

Sehemu kubwa ya mwaka imekwenda kwenye uchunguzi wa ardhi. Wapo waliolalamika kwamba fedha za chama zinatoboa mashimo wakati mchanga unaonekana kwa macho kwenye ukingo. Unaonekana, ni kweli, lakini ukingo unaonyesha mita chache za juu, tena mahali pamoja tu. Changarawe iliyoletwa na mto hailali kama mkeka. Mto huhama, huacha mikondo yake ya zamani ikajaa tope, kisha hurudi na kuifunika kwa mchanga. Ukitoka kwenye shimo zuri ukaenda hatua mia moja, unaweza kukuta mfinyanzi mtupu. Ndivyo ilivyotokea upande wa magharibi, nami nitarudi huko.

Kazi ilianza na mashimo ya majaribio yaliyochimbwa kwa ekskaveta. Uzuri wake ni kwamba unauona ukuta wenyewe, tabaka kwa tabaka, na unapata sampuli kubwa ya kutosha hata kwa changarawe nene. Kasoro yake ni kwamba hayafiki mbali, na yakigusa maji kuta zinaporomoka. Baada yake ukaja mtambo wa kuchoronga, ulioshuka hadi kwenye tabaka gumu lililo chini ya changarawe yote.

Hapo pana jambo ambalo kila mwanachama anapaswa kulifahamu. Chini ya usawa wa maji yaliyo ardhini, chombo kinachopandisha changarawe huja kimejaa maji pia, na maji hayo yakimwagwa pembeni huondoka na chembe laini. Sampuli inayopelekwa maabara inakuwa safi kuliko ardhi ilivyo. Mhandisi wetu alipoona maji yanamwagwa kwenye majani alisimamisha kazi siku hiyo hiyo. Akaagiza kila mchoto umiminwe kwenye tangi, maji yaachwe yatulie, na tope lililotuama chini lichanganywe na sampuli yake. Mkandarasi alinung'unika kwamba anacheleweshwa. Majibu ya maabara yalipokuja, sampuli zilizotunzwa kwenye tangi zilikuwa na tope zaidi waziwazi, na hizo ndizo tunazoziamini.

Kwa wasiofuatilia vipimo: chembe za kati ya milimita 0.063 na 2 ni mchanga, kutoka 2 hadi 63 ni changarawe, na zilizo ndogo kuliko 0.063 ndizo zinazotusumbua. Zikizidi, zege linadai maji mengi zaidi na nguvu yake inapungua. Maana yake kwetu ni kwamba mchanga huu utauzika baada ya kuoshwa, si kabla. Kuosha kunahitaji mtambo, maji, na mabwawa ya kutuamisha tope. Anayewaambia kwamba tutachota na kupakia lori moja kwa moja anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Kipimo cha nyundo nacho kimeleta maswali. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka milimita 760, na mapigo huhesabiwa hadi chombo kishuke milimita 300 baada ya zile 150 za mwanzo. Kwenye mchanga kinafaa. Kwenye changarawe, jiwe moja likikaa chini ya ncha, mapigo yanapanda na ardhi inaonekana imara kuliko ilivyo. Kwa hiyo msishangae kuona mhandisi ameweka kando baadhi ya namba kubwa zilizowafurahisha watu.

Suala la kingo nalisema kwa mkazo. Mchanga wenye unyevu kidogo husimama wima, na ndiyo hila yake, kwa sababu maji kidogo yaliyo kati ya chembe huzivuta pamoja. Ukikauka, au ukilowa kabisa, mvuto huo unakwisha na ukingo unashuka ghafla. Watu wanaochimba pango chini ya ukingo hufukiwa hivyo. Mchanga mkavu hulala kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 35 hivi, na ripoti inataka kingo zetu zilazwe kwa kuzingatia hilo, pamoja na ukanda usioguswa kando ya mipaka.

Sasa hesabu za kwenye karatasi zinapungua. Hekta moja kwa kina cha mita moja ni mita za ujazo 10,000, na nimeona wengi mkizidisha namba hiyo kwa furaha. Toeni udongo wa juu, miteremko, ukanda wa mipaka na chembe zitakazooshwa, ndipo mtapata cha kuuza.

Upande wa magharibi hauchimbiki kwa faida. Mfinyanzi ni mnene mno. Wenye mashamba huko hawakufurahi, na nawaelewa. Kamati inapendekeza mabwawa ya tope na marundo ya udongo wa juu yawekwe huko, kwa kuwa mfinyanzi hushika maji, na wenye maeneo walipwe kodi. Hilo mtalipigia kura leo.

Limebaki la maji. Mabomba ya kupimia usawa wa maji ya ardhini yamewekwa, lakini bado hatujayasoma kupitia majira yote, ya mvua na ya ukavu. Tukisukuma maji nje ya shimo, usawa wake utashuka hata nje ya mpaka wetu, na bila vipimo vya kabla ya kuchimba hatutakuwa na la kujibu kisima cha jirani kikikauka. Soko halitatukimbia: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na changarawe kila mwaka.

Ombi moja kwa wanaopita eneo hilo: msifunge mifugo kwenye mabomba hayo, na waambieni watoto wasitumbukize mawe. Bomba moja tayari limeziba, na vipimo vyake inabidi vianze upya.